Mikono ya Kiherehere

Mkono ulipomtoka Sekela Mwakalinga kwa mara ya kwanza, alidhani ni woga tu.

Asubuhi hiyo yeye na wenzake walikuwa wamelisukuma gari hadi nje ya karakana ya Kihesa, wakaliwasha, na mngurumo wake ukawatimua kunguru wote waliokuwa juu ya paa la kanisa la jirani. Sekela alikaa kwenye usukani, amevaa glavu nyembamba na soksi zilizofumwa kwa nyuzi za shaba. Hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, wala hakumjua mtu wa rika lake aliyewahi. Lakini mguu wake ulikanyaga klachi kana kwamba umekua nayo, gia ikaingia bila kelele, na gari likaanza kuteremka taratibu kwenye uchochoro huku mmoja wao, Kikoti, akikimbia pembeni na kupiga vigelegele kama shangazi kwenye arusi.

Kuku akakatiza. Mguu wa Sekela ukahamia kwenye breki, na papo hapo mkono wake wa kushoto ukaachia usukani, ukanyooka kuelekea kiti cha abiria, ukasimama hewani. Kiganja kilikuwa wazi, misuli imekaza, kama cha mtu anayezuia kitu kisianguke. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mbona umesimama?" Kikoti aliuliza, anahema.

"Kuku."

"Kuku ameshafika kwao na ameshapika. Huo mkono umekuwaje?"

Sekela akautazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. "Sijui," akasema. "Haukuniuliza."

Gari lenyewe waliliita Kiherehere, kwa sababu halikuweza kutulia hata likiwa limesimama. Liliruka-ruka mahali pake kama mtoto aliyebanwa na haja. Zamani lilikuwa pikapu ya Pijo. Kikoti, fundi wa kunyoosha bodi mwenye mabega ya mlango, ndiye aliyeliokota katika shamba la mahindi la mjomba wake, mkuyu mchanga umeota katikati ya sakafu. Akalikata paa na kulishusha, akalilaza chini hadi likakaribia kugusa ardhi, akaling'oa boneti ili kila mtu aone moyo wake. Moyo huo ulikuwa injini ya silinda nane iliyokuwa ikiendesha mashine ya kukoboa mpunga kule Pawaga. Iliogeshwa, ikavalishwa kabureta mbili, ikafundishwa kunywa spiriti ya molasi, maana petroli ilishakuwa hadithi. Kila mpenda magari wa Iringa alileta alichonacho: huyu matairi mapana, yule mabomba ya moshi, mwingine mtungi wa rangi ya zambarau mbivu. Sekela, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka nywele, alienda pale siku moja kutengenezewa feni ya saluni. Akaombwa ashike waya mmoja, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyembamba. Akabaki mwaka mzima.

Walichokosa ni mikono. Barabara zote za lami zilikuwa za magari yanayojiendesha, na mtu kuendesha mwenyewe lilikuwa kosa, isipokuwa Siku ya Mikono. Siku hiyo, mara moja kwa mwaka, mteremko wa Kitonga ulifungwa na magari ya zamani yakaruhusiwa kupanda na kushuka mbele ya umati. Ila hakuna gari lililoruhusiwa kugusa Kitonga bila kuwa na mkono uliothibitishwa: kisanduku cha ukubwa wa tofali, chenye ujuzi wa dereva wa kweli ndani yake, kilichofungwa chini ya dashibodi na kuunganishwa na glavu. Wao walikipata chao katika mnada wa vyuma chakavu vya Njia Tulivu, kampuni iliyoleta magari yanayojiendesha. Hakikuwa na jina la mtu.

*

Kwa majuma mawili Sekela alijiambia kwamba atazoea. Kila alipofunga breki, mkono ulitoka. Alijaribu kuukalia. Alijaribu kuushikiza kwenye gia. Ulichomoka.

Kisha jambo likatokea akiwa mbali kabisa na Kiherehere. Alikuwa ndani ya teksi inayojiendesha, akirudi kutoka sokoni, amekaa na bwana mmoja asiyemfahamu aliyevaa suti. Teksi ikasimama ghafla kumpisha mwendesha baiskeli, na mkono wa Sekela ukamdaka yule bwana kifuani na kumkandamiza kitini.

"Dada!" yule bwana akasema.

"Samahani."

"Unaweza kuniachia sasa."

Alitaka kumwachia. Mkono ulichelewa kukubali. Bwana akateremka mbele kidogo, mahali ambapo dhahiri hapakuwa kwake.

Sekela alikwenda moja kwa moja hadi karakanani, kwa Rukhsana. Huyu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini; aliwafundisha kutembea tena watu waliopooza, na muda wake uliobaki aliutoa wote kwa magari. Ndiye aliyefunga kisanduku. Alisikiliza bila kucheka, akamvalisha Sekela glavu, akaunganisha kipimo chake, akatazama kwa muda mrefu.

"Kinavuja," akasema.

"Nini kinavuja?"

"Kisanduku. Kimechakaa. Kilitakiwa kikuazime ujuzi na kuuchukua tena ukizima gari. Sasa hakichukui tena. Karibu nusu ya yule mtu imeshahamia kwako."

"Yule mtu yupi?"

Rukhsana akavuta kigoda. "Umewahi kumfumua mtu rasta?"

"Kila siku."

"Ukimaliza, nywele za bandia ziko mkononi mwako. Kichwani mwake zipo?"

"Hazipo."

"Basi. Walipoleta magari yanayojiendesha, kompyuta zao hazikuzijua kona za milima yetu, matope yetu, ng'ombe wetu. Wakawatafuta madereva wazuri. Lakini mazoea ya mwili si maneno ambayo unaweza kuyanakili, ya asili yakabaki pale pale. Yamesukwa ndani ya mishipa. Ilibidi wayafumue. Dereva aliingia anajua, akatoka hajui. Kilichokuwa mikononi mwake kikabaki kwenye kisanduku."

"Na walikubali?"

"Walitia saini. Magari yalikuwa yanakuja wapende wasipende. Ujuzi wenyewe ulikuwa unakwenda kuwa wa bure."

Kikoti, aliyekuwa akisikiliza akiwa amelala chini ya gari, akatoa kichwa. "Kwa hiyo kufikia Siku ya Mikono, Sekela atakuwa dereva kamili? Bila hata kisanduku?"

"Akiendelea kuendesha, ndiyo."

"Sasa ubaya uko wapi?"

Rukhsana akamvua Sekela glavu. Sekela aliitazama mikono yake miwili juu ya mapaja. Mkono wa kulia ulikuwa wa msusi. Wa kushoto hakuwa na hakika nao.

*

Njia waliyoitumia kwa majaribio ilikuwa barabara ya vumbi iendayo Tosamaganga, ambayo magari yanayojiendesha hayakupenda kuipita. Siku hiyo Kikoti alikaa kiti cha abiria ili asikilize kabureta. Kila Sekela aliposhika breki, mkono ulimpiga.

"Mbavu zangu ni za mama yangu, hazina vipuri," alilalamika mara ya tatu. Baadaye akajipapasa. "Sekela. Unajua unanigonga wapi? Si kifuani. Unanigonga tumboni. Kila mara pale pale."

"Kwa hiyo?"

"Mimi ni mrefu. Aliyekuwa akikaa hapa alikuwa mfupi. Kifua chake kilikuwa hapa." Akaweka kiganja tumboni.

Sekela hakuwa na mtoto, wala hakuwahi kukaa na mtoto garini, na hata hivyo mkono wake ulijua urefu wa mtoto mmoja kama unavyojua urefu wa kitana.

Kwenye njia panda yenye mikaratusi alikusudia kwenda kulia. Mikono ikakata kushoto. Angeweza kushindana nayo. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakushindana. Gari likapita kati ya mashamba ya alizeti, likapunguza mwendo mbele ya nyumba ya matofali yenye kibaraza chekundu, na kidole gumba cha Sekela kikabonyeza honi: fupi, fupi, ndefu.

Kibarazani alikuwapo mwanamke wa makamo akichambua maharage. Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika mpaka kwenye ngazi.

"Nani amekufundisha honi hiyo?" akauliza.

Sekela alizima gari, akashuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, nani amekufundisha honi hiyo? Hiyo ilikuwa honi yangu. Mwanangu alikuwa akiisikia anatoka mbio."

Aliitwa Melania Luhwago. Aliwakaribisha ndani, akawapa chai, akasikiliza habari ya kisanduku na ya mkono wa Sekela, kisha akawasimulia kwa sauti iliyonyooka kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kituo cha basi. Alikuwa dereva wa lori la chai, Mufindi hadi Dar es Salaam. Shule zilipofungwa alimchukua bintiye, Oliva, wakasafiri pamoja. Siku moja wakiteremka Kitonga jiwe liliporomoka mbele yao. Alifunga breki. Oliva alikuwa amefungua mkanda ili aokote ndizi iliyoanguka.

"Baada ya mazishi nilirudi kazini," Melania alisema. "Ndipo mkono ukaanza. Kila nikishika breki, unatoka kumzuia. Ulikuja umechelewa, unaelewa? Mtoto yuko kaburini, mkono ndio unajifunza. Nikikaa kanisani, kengele ikilia ghafla, unatoka. Nikilala, unatoka. Watu wa Njia Tulivu walipokuja kutafuta madereva, wenzangu waliwaza sana. Mimi niliwaambia, chukueni hata leo. Usiku ule nililala."

"Na sasa?" Sekela akauliza.

"Sasa nini?"

"Sasa unajisikiaje?"

Melania alifikiri kwa makini, kama aliyeulizwa kuhusu jirani. "Namkumbuka. Najua jina lake, najua alipenda ndizi. Lakini namkumbuka kama habari niliyosimuliwa. Sijamlilia tangu nilipotoka kwenye mashine ile. Dada yangu anasema nina moyo wa jiwe. Huenda." Akanyoosha kidole kuelekea mkono wa kushoto wa Sekela, uliokuwa umetulia kando ya kikombe. "Ndio huo?"

"Nadhani."

Akaushika, akaugeuza-geuza, akaangalia kiganja na mgongo wa mkono. Uso wake haukubadilika. "Siutambui," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikayumba.

"Mama, unautaka?"

"Mwanangu, unaniuliza kama nataka kitu ambacho sijui hata kama ninakikosa."

*

Karakanani waligombana vibaya.

"Alitoa kwa hiari yake," Kikoti alisema, akizunguka-zunguka na spana mkononi. "Mwenyewe kakwambia alilala usingizi. Usingizi! Nyinyi mnataka kumwamsha ili iweje? Aliyezikwa hafukuliwi."

"Alitoa uchungu," Rukhsana alijibu. "Hakuambiwa kwamba na mtoto ataondoka nao. Mimi ninawaona watu kama hao. Anatembea, anakula, anaongea, lakini kuna chumba ndani yake kimefungwa na ufunguo uko kwetu."

"Na sheria inasemaje?"

"Sheria inasema kisanduku ni cha aliyekinunua."

"Umeona?"

"Nimeona. Ndiyo maana sikuanza na sheria."

Kikoti akamgeukia Sekela. "Na wewe je? Mwambie, Rukhsana. Mwambie lile ulilonieleza."

Rukhsana alishusha pumzi. "Kurudisha kunawezekana. Lakini mazoea ya kwake na ya kwako yameshasukana, na ya kwako ya mikono ni kusuka nywele. Nikivuta uzi mmoja, siwezi kuahidi kwamba wa pili hautafuata. Unaweza kupoteza kidogo. Unaweza kupoteza yote."

Sekela alikwenda nyumbani bila kuaga. Hakujua anamwonea huruma nani. Ukweli ni kwamba alianza kuupenda ule mkono. Usiku mmoja alikuwa ameamka na kuukuta umenyooka juu ya godoro, unamlinda mtu asiyekuwapo, na badala ya kuogopa aliuacha. Ulimfanya ajihisi mama, hisia ambayo hakuwahi kuitafuta. Sasa alijiuliza: kama ataubakiza, ni kwa ajili ya kumkinga Melania na uchungu, au ni kwa sababu ameonja cha mtu akanogewa? Na akiurudisha, ni wema, au ni kuukimbia mzigo tu? Kila alipolipata jibu, jibu lilimgeuka likawa swali.

Melania ndiye aliyekuja. Aliingia saluni katikati ya wiki, akakaa kitini bila kusubiri kukaribishwa.

"Nisuke," akasema.

"Mtindo gani, mama?"

"Twende kilioni. Wa kawaida tu."

Sekela akasuka. Feni ilizunguka, redio ya jirani ilitangaza matokeo ya mpira. Mistari ilipofika nusu, usingizi ulimchukua Melania. Kichwa chake kikainama, mwili ukafuata mbele, akawa anaanguka kutoka kitini. Mkono wa Sekela ukapita mbele yake na kumdaka.

Melania akafumbua macho. Akautazama ule mkono uliolala juu ya kifua chake. Sekela alitaka kuutoa, lakini Melania aliukamata kwa mikono yake yote miwili, akaubana pale pale. Alikaa hivyo muda mrefu, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama.

"Kwa hiyo ndivyo ambavyo Oliva angehisi," alisema hatimaye. "Siku zote nilikuwa upande wa pili."

Halafu akasema: "Nirudishie. Sijui ninachoomba. Lakini nirudishie."

*

Kikoti alisema hatashiriki upuuzi ule. Kisha akatoweka, na alipoonekana tena alikuwa amefunga usukani wa pili na pedali za pili upande wa abiria, nadhifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Hakuna aliyemwambia neno, naye hakutaka kuambiwa.

Haikuwezekana kurudisha ujuzi watu wakiwa wamekaa. Mazoea ya mwili huhama yakiwa kazini tu, yakilala hayashikiki. Kwa hiyo Melania alikaa kwenye usukani wa kulia, Sekela kwenye ule mpya wa kushoto, kila mmoja na glavu zake, na kisanduku katikati yao kikiwa kimegeuzwa mdomo ili kivute kwa Sekela na kumpa Melania. Rukhsana alipanda nyuma na kipimo chake. Kikoti akapanda pia. Alisema ni kwa ajili ya kulinda gari.

Waliondoka mchana, jua likiwa kali juu ya alizeti. Mwanzoni Sekela ndiye aliyeendesha, na mikono ya Melania ilielea tu juu ya usukani, ikifuata kama ya mtu anayepapasa gizani. Walipopita kona ya kwanza, Melania alishtuka. "Lo," akasema. Kona ya pili aliikata yeye. Sekela alihisi kitu kikimtoka begani, kikiteremka kwenye kiwiko, kikipita katikati ya vidole. Hakikuuma. Kilikuwa kama kusahau neno ukiwa katikati ya kulitamka. Akatazama pedali chini yake na hakujua tena ipi ni ya nini.

"Gia ya tatu," Melania alinong'ona, si kwa mtu yeyote, na gia ikaingia. Injini ikapaza sauti, Kiherehere likanyooka barabarani na vumbi likasimama nyuma yao kama ukuta. Kikoti alisahau hasira yake, akapiga kelele za furaha. Hata Melania alitabasamu.

Mbuzi watatu wakatoka kwenye alizeti.

Breki. Mkono wa Sekela ulibaki pajani. Haukuwa na habari. Wa Melania ndio uliotoka. Ulimpiga Sekela kifuani kwa nguvu iliyomkata pumzi, ukamshikilia kitini mpaka gari lilipotulia kabisa na mbuzi wakapita zao.

Kisha Melania akatoa sauti ambayo Sekela hakuwahi kuisikia kwa binadamu, sauti iliyotoka chini sana, ya miaka mingi.

"Oliva," akasema. "Oliva. Ulikuwa wapi huu mkono? Ulikuwa wapi?" Akaanza kuupiga kwenye usukani, kiganja, kifundo, kiganja, mpaka Rukhsana aliporuka kutoka nyuma na kumkumbatia. Melania alilia kwa namna ya mtu anayetapika. Sekela alikaa pembeni yake, hana la kufanya, amepakata mikono ambayo hakujua imebakiwa na nini.

Nyuma, Kikoti alivua kofia. Alikuwa na haki ya kusema, niliwaambia. Hakusema.

*

Siku ya Mikono ilipita na Kiherehere likiwa limefunikwa turubai. Bila mkono ndani ya kisanduku halikuruhusiwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kutafuta kisanduku kingine, sasa walipojua ndani yake huwa mna nini.

Dada yake Melania alikuja saluni, akasimama mlangoni mbele ya wateja. "Mlimfanya nini dada yangu? Halali. Hali. Ametoa nguo za mtoto kwenye sanduku, amezitandika kitandani. Alikuwa mzima kabisa!"

"Aliomba mwenyewe," Sekela alisema, na akasikia jinsi maneno hayo yalivyofanana na ya watu wa Njia Tulivu.

"Mtu anaomba vingi," dada akajibu, akaondoka.

Kusuka hakukumtoka kote. Mistari ya kawaida alibaki nayo. Lakini mitindo ya mizunguko, ile iliyomletea wateja hata kutoka Mafinga, ilikuwa imemkimbia. Vidole vilifika katikati vikasimama, vikamngojea aviambie, naye hakuwa na cha kuviambia. Wateja wengine walihama. Jioni alikaa na kichwa cha plastiki akijaribu upya, akikosea, akifumua. Alipojiuliza kama alifanya vyema, alijikuta anamwona Melania akiupiga mkono wake kwenye usukani; na alipojiuliza kama alifanya vibaya, alimwona kitini saluni, ameubana ule mkono kifuani, hataki kuuachia. Picha zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna iliyoishinda nyingine.

Mvua za kwanza zilipoanza, Melania alitokea karakanani kwa miguu, mwavuli mkononi, macho yamevimba. Kikoti akamfutia kigoda kwa shati lake. Melania hakukaa.

"Nimekuja kusema ukweli," alisema. "Sijui kama niwashukuru au niwalaani. Kuna siku nataka kurudi kwenye mashine ile, niwaambie wachukue tena. Halafu juzi nimemwota anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba alicheka kwa pua." Akafunga mwavuli. "Basi. Ndivyo ilivyo. Sina zaidi."

"Tusamehe, mama," Rukhsana alisema.

"Sijui kama kuna la kusamehe. Nikilijua nitakuja kukwambia." Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye turubai. "Na hilo linafanya nini pale?"

"Limekaa," Kikoti alisema. "Halina mikono."

Melania akalifunua mwenyewe. Akazunguka gari zima, akagusa bomba la moshi, akatikisa kichwa kwa namna ambayo Kikoti hakuweza kujua ni sifa au ni dharau. Kisha akafungua mlango wa dereva, akamtazama Sekela.

"Panda."

"Mimi? Mikono yangu haijui chochote tena, mama."

"Hata yangu haikuzaliwa inajua. Panda."

Sekela alipanda. Melania akaingia upande wa pili, akafunga mkanda, kisha akamnyooshea Sekela kidole mpaka naye akafunga wake. Kikoti na Rukhsana walisimama mlangoni mwa karakana, mvua ikidondoka nyuma yao.

Sekela hakugusa ufunguo. "Ukinifundisha," akauliza polepole, "wewe utapungukiwa?"

Melania alifikiri. "Baba yangu alinifundisha mimi na wadogo zangu wote, na aliendesha mpaka siku aliyokufa. Sidhani. Lakini zama hizi sijui tena. Tutaona. Kanyaga klachi."

Sekela akakanyaga.

"Hiyo ni breki."

Akahamisha mguu.

"Sasa ndiyo yenyewe. Washa. Weka moja. Achia taratibu, taratibu, usiikimbie..."

Kiherehere likanguruma, likaruka mbele kama chura aliyekanyagwa, likagonga ndoo ya maji machafu, likazimika. Kikoti alijifunika uso kwa kofia yake.

Melania alijifuta matope yaliyomrukia shavuni.

"Tena," akasema.